Barakoa ya Anwani Katika Mitandao ya Soga



Tangu Jarkko Oikarinen alipobuni mfumo wa soga uitwao IRC nchini Ufini mwaka 1988, wengi huingia humo kwa lakabu wakidhani hawajulikani. Ilhali kando ya lakabu huweza kuonekana anwani ya kompyuta yako kwenye intaneti. Anwani hiyo yaweza kumfunulia mgeni kampuni inayokuuzia huduma na, mara nyingi, mji ulipo. Mwenye nia mbaya aweza hata kuitumia kuishambulia laini yako hadi ikatike.

Kwa sababu hiyo, mitandao mingi ya IRC huifunika anwani kwa barakoa. Baadhi humvika kila aingiaye. Mingine humvika mwenye akaunti iliyosajiliwa tu. Ukiwa katika mitandao ya aina ya pili, thibitisha akaunti yako kabla ya kuingia chumba chochote. Ukichelewa, waliomo wamekwisha kuiona.

Tukumbushane pia kwamba barakoa hukuficha kwa wanasoga wenzako tu. Wasimamizi wa mtandao huiona anwani yako halisi. Tena, ukitaja mwenyewe mtaa wako au mahali pako pa kazi, barakoa haikusaidii. Tahadhari kabla ya hatari.