Kutoka Majini Kwenda Udongoni

Injili ya Dominika ya 15 ya Mwaka A yatupa habari ya mpanzi. Mbegu ya penye mwamba iliwahi kuota, ikawahi pia kufa, kwa kukosa mizizi.

Tuliwahi kulala nyumbani kwa katekista mmoja huko Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, mahali panapojulikana tangu kale kwa chumvi yake. Dirishani palikuwa na chupa ya maji, na ndani yake kitawi cha ua litambaalo, chenye mizizi myeupe. Mama wa nyumba akatuuliza: “Baba, majini kinastawi, nikikipanda kinanyauka. Kwa nini?”

Mzizi uliozaliwa majini ni laini, hukatika upesi, na vinyweleo vyake vya kunyonyea ni vichache. Ukikaa humo mno, kuhama huzidi kuwa kugumu. Basi kitawi huhamishwa mizizi ifikapo sentimeta 3 hadi 5, katika udongo mwepesi usio na chumvi, ndani ya chombo kilichotobolewa chini. Huwekwa kivulini, na udongo hauachwi kukauka kwa wiki 2 hivi, mpaka iote mizizi mipya. Mama yule alikuwa akikipanda na kukianika jua kali siku ile ile.

Ndugu, tusimcheke. Usiku wa Pasaka twawabatiza wakatekumeni kwa vigelegele, kisha twawaacha juani. Miezi michache baadaye twauliza, “Mbona hawaonekani?” Nasi twasema imani yao ilikuwa haba. Kumbe Utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, uliotolewa mwaka 1972, unaweka kipindi cha malezi hata baada ya ubatizo, yaani mistagojia. Sisi mapadre ndio tuliofunga daftari siku ya maji. Kosa hilo twalikiri.

Tena tujue: kunyauka kidogo siku za kwanza si kufa. Asiyejua huking’oa, ajuaye hukinyweshea na kungoja.

Juma hili, kila jumuiya ndogo ndogo imtafute mmoja aliyebatizwa Pasaka iliyopita na sasa haonekani. Tusiende kumkaripia. Tubishe hodi, tuketi, tusali naye, na Dominika ijayo tumpitie njiani twende naye.

Mwenyezi Mungu, mwenye shamba, awabariki. Amina.