Mwanya Katika Mkataba

 

Leo nataka kuzungumza hasa na wazazi walio na watoto Marekani, na watoto wenyewe pia, maana siku hizi redio zetu husikilizwa hata huko mbali kwa njia ya intaneti. Swali lenyewe ni hili: Mkristo akitafuta mwanya katika masharti ya kampuni ya simu, apate simu mpya ya kisasa kwa bei ya punguzo kabla ya wakati wake, je, amekosa, au ametumia tu akili aliyopewa na Mungu?

Najua wengine watacheka na kusema mhubiri ameishiwa maneno, sasa anahubiri simu. Na wacheke. Mtu hujiandaa kwa majaribu makubwa, akaomba na kufunga. Lakini nani anayejiandaa anapokwenda dukani kuulizia simu?

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Hapa kwetu Kenya wengi wetu hununua simu kwa pesa taslimu, kisha tukatia laini tunayoitaka. Wako pia wanaolipa kidogo kidogo, na wanajua kwamba asiyelipa simu yake hufungwa. Marekani kwa miaka mingi mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Simu ya iPhone 3G ilipotoka Julai 2008, kampuni ya AT&T iliiuza kwa dola 199. Mwaka uliofuata, ilipoanza kuuzwa bila mkataba, bei ilikuwa dola 599. Ile tofauti ya dola 400 haikuwa sadaka. Mteja alitia sahihi mkataba wa miaka 2, na kampuni ilirudisha fedha zake ndani ya malipo ya kila mwezi. Muda ulipotimia, mteja alipata haki ya kuchukua simu nyingine kwa punguzo. Na yule ambaye hakuitumia haki hiyo hakupunguziwa kitu. Aliendelea kulipa kila mwezi sawa na jirani yake aliyechukua simu mpya. Shikeni neno hilo, tutalihitaji baadaye.

Basi watu wakaanza kutafuta njia. Juni 2009 ilipotoka iPhone 3GS, wale walionunua simu mwaka mmoja tu uliopita waliambiwa kwamba bei ya dola 199 si yao bado. Wao watalipa dola 399. Walilalamika sana, na walilalamika waziwazi, kwa majina yao. Siku mbili kabla ya simu kuanza kuuzwa, kampuni ililegeza: wale ambao zamu yao ingefika Julai, Agosti au Septemba mwaka huo walipewa bei ya punguzo mara moja. Mimi sioni kosa hapo. Mtu aliomba, akapewa. Mjane wa Injili ya Luka alimsumbua kadhi mpaka akapata haki yake, wala hakughushi hati yoyote.

Kisa cha pili ni kigumu zaidi. Kampuni ya Verizon iliacha kuwauzia wateja wapya data isiyo na kikomo Julai 2011. Wateja wa zamani waliachiwa yao, lakini kuanzia Juni 2012 sharti likaongezwa: ukitaka simu kwa punguzo, unaiacha data hiyo, ukitaka kubaki nayo, unalipa bei kamili. Watu wakagundua mwanya. Katika akaunti ya jamaa kuna laini nyingine, tuseme ya mama, ambayo haina data hiyo. Simu mpya huchukuliwa kwa haki ya laini ya mama, kisha huhamishiwa laini ya mwana. Mama hubaki na simu yake kuukuu, mwana hupata simu mpya na data yake haiguswi. Kila kitu kilifanywa kwa utaratibu ambao kampuni yenyewe iliuruhusu. Hakuna uongo ulioandikwa popote.

Je, ni dhambi? Polepole, wapendwa. Kumbukeni lile neno nililowaambia mlishike. Mama huyu amelipa miaka 2, mwezi baada ya mwezi, na ndani ya malipo yake ilikuwamo bei ya simu ambayo hakuichukua. Haki ile ilikuwa mali yake, ameilipia. Na ilipotumiwa, laini yake ilifungwa tena kwa mkataba mwingine wa miaka 2. Akitaka kutoka mapema, hulipa faini. Verizon ilikuwa imeipandisha faini ya simu za kisasa hadi dola 350 tangu Novemba 2009. Sasa niambieni, mama huyu aliulizwa? Au alisikia tu kijana akisema, “Mama, nimetengeneza mambo ya simu, usiwe na wasiwasi”?

Hapa ndipo wengi wetu hukosea njia. Tunabishana kama kampuni imeibiwa, kampuni yenye wanasheria wengi na mahesabu makali, na tunasahau aliye nyumbani. Bwana Yesu aliwahi kuzungumza na watu waliojua sana mianya. Tunasoma katika Marko sura ya 7 kwamba walikuwa na desturi ya kutangaza mali kuwa wakfu kwa Mungu, na kwa tamko hilo wakapata ruhusa ya kutowasaidia wazazi wao. Sheria yao haikuvunjwa hata kidogo, na baba na mama walilala njaa. Yesu hakuwasifu kwa ujuzi wao.

Kama mama ameelezwa akaelewa, akasema, “Mwanangu, chukua, hii yangu inanitosha, mimi napiga na kupokea tu,” hiyo ni zawadi. Tena ni zawadi nzuri. Lakini aelezwe yote, pamoja na ile miaka 2.

Kisa cha tatu nakipenda kwa sababu kinanikumbusha Wagibeoni. Mwisho wa Septemba 2013 mitambo ya Verizon ilipata hitilafu. Kwa siku chache mteja mwenye data isiyo na kikomo aliweza kuagiza simu kwa punguzo bila kunyang'anywa data yake. Habari zikaenea, watu wakakimbilia kuagiza. Kosa lilipogunduliwa, mlango ulifungwa. Lakini kampuni ilisema maagizo yaliyokwisha kukamilika yangeheshimiwa. Mnajua habari za Yoshua sura ya 9. Wagibeoni walikuja na viatu vilivyotiwa viraka na mikate iliyokauka, wakajifanya wametoka mbali, wakapata agano. Hila ilipofichuka, Israeli waliona uchungu, lakini agano halikuvunjwa, kwa kuwa walikuwa wameapa. Wagibeoni waliokoka. Walikuwa pia wakata kuni na wachota maji tangu siku hiyo. Wateja wale, tofauti na Wagibeoni, hawakusema uongo. Walikuta mlango wazi. Wengine walidhani ni toleo la kweli, wengine walijua ni kosa la mashine. Mbele ya kampuni wote walikuwa sawa. Mbele ya Mungu nadhani kila mmoja alijua alikuwa upande gani.

Mikataba ile ya miaka 2 sasa imepita. T-Mobile iliiacha mwaka 2013, Verizon 2015, na AT&T mwanzoni mwa 2016. Lakini ule mtego umebadili nguo tu. Siku hizi utaambiwa simu ni ya bure ukirudisha ya zamani. Sikilizeni hesabu, nitoe mfano. Simu ni ya dola 720. Kampuni haikupi punguzo hilo siku hiyo. Hukukatia dola 20 kila mwezi kwa miezi 36. Ukihama baada ya miezi 12, zile dola 480 zilizobaki unalipa wewe. Kwa hiyo anayetafuta mwanya leo mara nyingi hujikuta yeye ndiye aliyepitishwa kwenye mwanya. Vijana, someni karatasi yote kabla ya kutia sahihi.

Tena kuna mambo ambayo hayana haja ya mjadala, nami nitayataja kwa haraka. Kusema simu imepotea ili bima ilipe nyingine, hali iko mfukoni, ni wizi. Kufungua akaunti kwa jina la ndugu asiyejua, upate bei ya mteja mpya, ni wizi, na ndugu huyo deni litamfuata. Kuchukua simu kwa mkopo wa kampuni, kuipeleka Nairobi iuzwe, kisha kuacha kulipa, ni wizi, hata kama fedha zilizopatikana zililipa karo.

Na ile ya kupiga simu na kutisha, “Nahamia kampuni nyingine,” wakati huna nia ya kuhama? Hii wengi huiona ni ujanja mdogo. Mithali sura ya 20 inamtaja mnunuzi anayeponda bidhaa akiwa dukani, kisha akajisifu njiani. Ukisema, “Bei yenu ni kubwa kwangu, mnaweza kunisaidia?” umesema kweli, na mara nyingi mtu wa upande wa pili anayo ruhusa ya kukupunguzia. Sioni kwa nini uongeze uongo juu ya swali ambalo lingejibiwa bila huo uongo.

Nanyi wazazi, neno moja kwenu, kwa kuwa lawama zote zimeangukia watoto. Ni nani aliyemwagiza kijana huyo simu tatu kwa Krismasi, ya baba, ya mjomba na ya binti wa jirani? Mshahara wake mnaujua? Kijana anayefanya kazi za usiku, anayelipa nyumba na karo yake mwenyewe, ataambiwa na nyumbani kwamba fulani aliyekwenda juzi ameleta simu kubwa. Ataanza kutafuta mwanya, na mwanya ataupata, na sisi tutakwenda kumpokea uwanja wa ndege kwa nyimbo bila kuuliza.

Jioni ya leo, kama una mtoto huko, mpigie. Mwambie ile simu si lazima. Kisha muulize laini ya nani iko katika akaunti yake.

Bwana awe nanyi mpaka tutakapokutana tena.