Kompyuta Iziamkiayo Nyenzake

Leo tuna habari za mwanagenzi aliyekuja ofisini kwetu kujifunza kazi. Kwanza alijifunza Linux, yaani programu iendeshayo kompyuta. Ilianzwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, na mtu aweza kuipata bure. Kisha akaweka programu iitwayo Nagios. Hiyo, kila dakika 5, huziamkia kompyuta zote za ofisi. Isiyoitika, jina lake huonyeshwa kwa rangi nyekundu.

Siku moja majina yote 12 yakawa mekundu. Kijana akatetemeka, akadhani ameharibu kila kitu. Kumbe mfagiaji alichomoa waya mmoja tu, wa kompyuta ile ile iulizayo!

Haya, shikeni kalamu. Andikeni: waya.