Mgonjwa wa Saratani ya Tezi Dume na Wajibu Wetu





Mada tuliyopewa leo inahusu maradhi ambayo wanaume wengi huyanong'ona tu, nayo ni saratani ya tezi dume. Haya ni pambo la Muumini, lakini ikimzuia mtu kuuokoa uhai aliokabidhiwa na Mola wake, huwa si pambo tena bali ni madhara.

Kwanza yatupasa kusahihisha maneno. Mitaani husemwa, "Mzee fulani ana tezi dume," kana kwamba tezi yenyewe ni ugonjwa. Tezi dume ni kiungo alichoumbiwa kila mwanaume, kilichopo chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Umri unapozidi, aghalabu tezi hiyo hupanuka na kuubana mrija. Hiyo siyo saratani. Saratani ni chembe za tezi kukua pasipo mpaka, na yaweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote. Basi asiye na shida ya mkojo asijihesabu salama, wala mwenye shida hiyo asijihukumu kuwa ana saratani. Vipimo ndivyo vitakavyoonyesha: kipimo cha damu kiitwacho PSA, uchunguzi wa daktari kwa kidole, na kinyama kidogo kinachochukuliwa na kupimwa maabara.

Ugonjwa huu si wa wachache. Mwaka 2022 wanaume wapatao 1,470,000 duniani waligundulika kuwa nao, na karibu 397,000 walifariki kwa sababu yake. Hata hivyo, kugundulika si kuhukumiwa kifo. Mzee Nelson Mandela aligundulika mwaka 2001, akatibiwa kwa mionzi, akaishi hadi mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 95. Nchini Uingereza wanaume 1,643 ambao saratani yao iligunduliwa mapema walifuatiliwa kwa miaka 15, na matokeo yalitolewa mwaka 2023: takriban 97 katika kila 100 hawakufa kwa ugonjwa huo, wawe walipasuliwa, walipigwa mionzi au walichunguzwa tu mara kwa mara. Lakini sharti lake ni kuwahi. Wengi wetu huenda hospitali wakati mifupa ya mgongo na nyonga imekwisha kuanza kuuma.

Ndugu zangu, mtu akipewa habari hii moyo wake hutikisika. Huzuni si upungufu wa imani, Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia mwanawe hadi macho yake yakapofuka, naye ni Nabii. Mgonjwa na aende kwa daktari pamoja na mkewe au mwanawe, aulize ugonjwa umefikia wapi, tiba zipi zipo, na kila tiba itamwachia athari gani.

Athari hizo tuzitaje bila kificho. Baada ya upasuaji mkojo huweza kuvuja, na kwa wengi hali hiyo hupungua kadiri miezi inavyopita, hasa wakifanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Nguvu za kiume huweza kupungua. Sindano za kushusha homoni huleta joto la ghafla, uchovu na unyonge wa moyo. Wengine hushauriwa kuondolewa korodani, jambo linalowatisha sana; lakini kukata kiungo kwa ajili ya tiba si sawa na kujihasi kwa matamanio. Mume na mke wazungumze, kwani ndoa ni utulivu na huruma pia, si tendo moja peke yake.

Hapa ndipo tunapowapoteza wazee wetu. Mtu aliyezoea safu ya mbele huacha kuja msikitini kwa kuhofia kuwa hana tahara. Wanazuoni wa fiqhi wamekwisha kulieleza jambo hili: asiyeweza kuzuia mkojo ajisafishe, ajifunge kitambaa au pedi, atawadhe wakati wa Sala ukisha kuingia, kisha asali, kitakachotoka bila hiari yake hakimharibii Sala. Dini yetu haikumfungia mlango. Basi nasi tusimfungie kwa minong'ono na mizaha.

Pia tujihadhari na wauzaji wa dawa wanaoahidi kuiyeyusha tezi kwa chupa tatu. Dua haikatazi hospitali, na hospitali haibatilishi dua, Mtume wetu (s.a.w.) aliomba dua na pia aliamrisha watu kujitibu.

Kwa hiyo tunawausia mambo matatu. Kila mwanaume aliyefikia miaka hamsini, au arobaini na mitano ikiwa baba au ndugu yake aliugua, amwone daktari azungumze naye juu ya vipimo. Kila jamaa imjue mgonjwa wake, impatie nauli na mtu wa kumsindikiza kliniki. Na anayemzuru mgonjwa asiende kumhesabia waliokufa, bali aende kumsikiliza.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie kuwa ndugu wa kweli wakati wa shida. Amin.