Pesa ya Programu Isiishe Siku ya Uzinduzi

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya komite mbele ya wanachama na wafadhili



Tumeombwa kueleza kwa nini akiba zenu zimerudi kuandikwa kwenye daftari la karatasi. Tutasema bila kuficha.

Mnakumbuka ile programu ya simu. Tulipewa dola 6.000 mara moja, fundi akafanya kazi miezi mitano. Siku ya uzinduzi tulikula wali na samaki, tukapiga picha, na bajeti ikafungwa. Mwezi wa tatu programu ikaanza kuchanganya waliolipa kwa franka na waliolipa kwa dola. Fundi alikuwa amekwisha kupata kazi Bukavu. Hatukuwa na hata dola 50 ya kumwita, maana kwenye karatasi ya mradi hakukuwa na mstari wa matunzo. Na ile karatasi tuliiandika sisi wenyewe, hatumsingizii mtu. Mwishowe hata kodi ya mahali data zetu zinapokaa kwenye intaneti haikulipwa, ikazimwa.

Mama mmoja mjane akafika ofisini: «Kila juma natoa franka zangu. Sasa munaniambia simu imesahau?» Kumbe alikuwa ametunza risiti zake zote ndani ya mfuko wa plastiki, ndizo zilizomwokoa. Wenzake kumi na mmoja hawana risiti. Mpaka leo tunahesabu nao kwa kukisia, na ni aibu kubwa.

Tulipouliza wanaojua kazi hii, tukaambia kwamba hata kampuni kubwa zinaangukia hapo hapo. Mwanzo wa mwaka wakubwa wanakaa, wanakisia programu itagharimu kiasi gani, wanapitisha pesa yote, wanaandika tarehe ya kumaliza. Tena katika vitabu vya hesabu, gharama ya kujenga programu mara nyingi inaweza kuandikwa kama mali, sawa na nyumba, lakini kuitunza kunaandikwa kama matumizi ya mwaka. Basi kila mkubwa anapenda kujenga. Kuziba matundu hakuna anayekutaka. Sisi wa ziwani tunajua pirogi isiyozibwa inafika wapi.

Lakini kuna njia nyingine, na mfano wake uko ndani ya mifuko yenu. M-Pesa ilianza kujaribiwa Kenya mwezi wa kumi 2005, mwaka ule ule meli za HCR zilipoanza kutuvusha kutoka Kigoma mpaka Baraka. Idara ya maendeleo ya Uingereza ilitoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikaweka mchango wake. Mpango kwenye karatasi ulikuwa wa mikopo: wateja wa Faulu, shirika la mikopo midogo, wapokee na kulipa madeni yao kwa simu. Wakaanza na wateja mia chache tu. Walipowaangalia, wakaona watu wanafanya mambo mengine kabisa: huyu anamtumia mwenzake pesa, yule anaiweka kwenye simu asiibiwe njiani. Upande wa mikopo ulikuwa na shida nyingi.

Mngekuwa wakaguzi mngesema mradi umekosa lengo. Wao wakabadilisha lengo. Mwezi wa tatu 2007 Safaricom ikaitoa kwa wananchi wote kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na mwaka 2012 Vodacom ikaileta hapa Congo. Mfadhili angeshikilia ile karatasi ya kwanza, pengine leo tungekuwa bado tunatuma pesa kwa dereva wa gari, huku tunaomba Mungu.

Sasa njo tunakuja kwenu wafadhili. Tunaomba msitupatie tena dola 6.000 mara moja. Mtupatie dola 200 kila mwezi, kwa miezi mitatu kwanza. Pesa hiyo imlipe fundi mmoja wa hapa hapa kwa siku chache za kila mwezi, ilipe na kodi ya intaneti, na kijana wa pili akae pembeni yake ajifunze, ili mmoja akihama tusibaki yatima. Mwanzo programu ifanye kitu kimoja tu: mwanachama aone akiba yake, franka peke yake, dola peke yake. Baada ya miezi mitatu mje muangalie. Kama haifanyi kazi, mfunge mfuko. Mtakuwa mmepoteza dola 600.

Mfadhili mmoja alituuliza ataripoti nini kwa wakubwa wake, kama hakuna siku ya kumaliza. Swali lake ni la haki, maana naye ana mabosi. Tutamtumia kila mwezi hesabu ya wanachama waliofungua simu wakakuta akiba yao inalingana na daftari, na hesabu ya wale waliokuta kosa. Hata hao wa kosa tutawaandika.

Na ninyi wanachama, mfadhili hatabaki milele. Komite inapendekeza kila mmoja aongeze franka 500 kwa mwezi kwa ajili ya matunzo. Tunajua mihogo imepanda bei, na wengine mtanung'unika. Mnung'unike hapa mkutanoni, kura tutapiga leo mchana.

Daftari la karatasi litaendelea kuandikwa mpaka miezi hiyo mitatu iishe. Risiti zenu msizitupe.