Chuma Kinachokaa na Mfupa



Mtu akivunjika paja kisiwani Pate, safari ya kumfikia daktari wa upasuaji huanza kwa mashua. Akishawekewa chuma, kila tatizo la chuma hicho litamrudisha baharini na barabarani. Ndiyo maana nasema jioni hii: wakaao mbali na hospitali ndio wanaohitaji zaidi chuma ambacho mwili utakaa nacho kwa salama.

Majimaji ya mwili yana chumvi kama robo ya ile ya bahari. Fundi wa majahazi wa Matondoni anajua chumvi inavyoula msumari. Ndani ya mguu kazi hiyo huendelea polepole zaidi. Chuma kisichoshika kutu, ambacho hospitali nyingi hukitumia kwa sababu ya bei, hulindwa na utando mwembamba mno wa oksidi ya kromi. Skrubu ikisuguana na bati lake, utando hukwaruzika, na chembe za nikeli na kromi huvuja. Wako ambao miili yao huikataa nikeli.

Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alitia kifaa cha titani katika mfupa wa sungura. Alipotaka kukitoa, kilikuwa kimeshikana na mfupa. Tangu hapo tumefahamu kwamba mfupa hushughulika kwanza na uso wa metali. Kwa hiyo leo wataalamu huukwaruza uso huo kwa makusudi, huutia vinyweleo ili mfupa uote ndani yake, au huupaka haidroksiapatiti, madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe.

Ukakamavu nao una hesabu yake. Chuma kisichoshika kutu kina ukakamavu wa takriban gigapaskali 200, aloi ya titani 110, na mfupa mgumu kama 20 tu. Chuma kikibeba mzigo wote, mfupa hukosa kazi na kupungua. Ndiyo sababu ya kutafutwa aloi laini zaidi, zenye niobi badala ya vanadi.

Pwani yetu ina mali ghafi. Kuanzia 2013 hadi 2024 mchanga wa Kwale ulichimbwa, na madini yake ya titani yakasafirishwa nje. Kutoka mchanga hadi kifaa cha upasuaji kuna viwanda na ujuzi ambao hatujajenga.

Lakini kuna lisilongoja kiwanda. Madaktari, andikeni katika kadi ya kila mgonjwa aina ya metali, ukubwa wake na tarehe ya kuwekwa. Kikitolewa chuma, kisitupwe: kwa ridhaa ya mgonjwa, kifike maabara kichunguzwe mikwaruzo na kutu. Vyuo vikuu, zipokeeni sampuli hizo, mtujulishe miili ya watu wetu imekubali nini na imekataa nini.