Ukuta wa udongo uko na mwenyewe: maneno kwa vijana wa Kolwezi



Mu Lualaba, tukisema baraji, kila mtu anafikiri Nzilo, ile kubwa Union Minière ilijenga ku mto Lualaba mu miaka ya 1950. Leo sitaongea juu ya Nzilo. Naongea juu ya zile ndogo: ukuta wa udongo mwenye shamba anasimamisha ku kamto juu ya kumwagilia ao kufuga samaki, na basini kompani inachimba juu ya kuweka maji machafu ya kiwanda. Ni mali ya mtu binafsi, iko nyuma ya fensi. Na sisi tuko chini yake.

ICOLD, chama cha dunia cha mainjinia wa baraji, kinaita baraji "kubwa" kama iko na metre 15 kwenda juu, ao kati ya metre 5 na 15 kama inabeba maji zaidi ya metre kibiki milioni 3. Yote iliyobaki inaitwa ndogo. Lakini hatari haipimwi na urefu wa ukuta. Inapimwa na hesabu ya nyumba ziko chini.

Watu wa Solai, mu Nakuru, kule Kenya, wanajua hiyo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, kisha mvua nyingi, baraji ya udongo ya shamba la Patel ilipasuka. Maji yalikuta watu mu nyumba zao. Kisha pale, mamlaka ya maji ya Kenya ikasema: ile baraji haikuwa na kibali. Sikilizeni vizuri. Ukuta ulikuwa wazi, kila mtu anauona. Ofisi ya kuangalia ilikuwa. Kibali hakikuwa. Mwezi wa Julai, mwenye shamba na wakubwa wa leta wakapelekwa mbele ya tribinali juu ya vifo vya watu 48. Tribinali ni muzuri, lakini ilikuja nyuma ya makaburi.

Mtu atasema Kenya ni mbali. Haya, tuvuke tu mpaka. Tarehe 18 Februari 2025, kule Chambishi, Zambia, ukuta wa basini ya Sino-Metals Leach ulibomoka. Lita karibu milioni 50 za maji ya asidi zilishuka mpaka mto Kafue. Samaki wakakufa, muji wa Kitwe ukafungiwa maji. Na mwezi wa Novemba ya ule mwaka, hapa kwetu Lubumbashi, maji machafu ya Congo Dongfang Mining yaliingia mu mitaa ya watu. Waziri wa Mines, Louis Watum, akasimamisha kazi pale kwa miezi 3. Pale shambani yalikuwa maji ya kahawa, huku ni maji ya asidi. Ukuta ni ule ule: udongo, mwenye mali mumoja, na wengi chini.

Ukuta wa udongo haukufi bila kusema. Tujifunze luga yake.

Kwanza, maji yanapita juu. Kila baraji inapaswa kuwa na njia ya kutosha maji ya mvua pembeni. Kama ile njia imezibwa ao ni ndogo, maji yanapanda juu ya ukuta, na udongo unalika haraka sana.

Pili, maji yanapenya ndani. Ukiona maji yanatoka chini ya ukuta na ni safi, ni ya kuangalia kila siku. Yakianza kutoka na matope, ukuta unakulwa ndani. Pale si saa ya kupiga foto tu: ondosha watu, ita shefu wa kartie na protection civile.

Tatu, nyufa, mashimo ya panya, miti mikubwa yenye kuota ku ukuta. Mizizi ikioza, inaacha njia ya maji.

Na kama ni maji ya kiwanda, usiyaguse, usivue samaki mule.

Mimi nilisoma droit ku iniversite. Kazi sina, lakini kusoma sheria hakuombi mshahara. Kodi yetu ya Mines, ile ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema mu artikli 285 bis: mwenye haki ya kuchimba analipa hasara ya watu na ya mazingira, hata kama hakukosa kitu. Ni silaha kubwa. Lakini inaongea kisha hasara. Juu ya mbele ya hasara, Konstitisyo iko na artikli 24, haki ya kupata habari, na artikli 53, haki ya kuishi mu mazingira safi. Mtu anayelala chini ya ukuta ana haki ya kujua ukuta uko namna gani.

Kuna wenye kusema tunataka kufukuza wawekezaji. Hapana. Mkulima anahitaji maji mu kiangazi, kiwanda kinahitaji basini. Hatusemi mubomoe. Tunasema muonyeshe.

Basi tunaomba vitu vine:

1. Orodha ya kila baraji na basini ya mtu binafsi mu Lualaba, na jina la mwenyewe, ibandikwe ku kila komini.
2. Injinia asiyelipwa na mwenye ukuta apite kila mwaka mbele ya mvua, na raporo yake isomwe mbele ya wakaaji.
3. Ukuta usio na kibali: maji yashushwe kwanza, mabishano yafuate.
4. Kila kartie iko chini ipate kengele, na njia ya kukimbilia yenye kujulikana hata na watoto.

Na sisi, kazi yetu inaanza leo. Kila kundi la kartie liandike: ukuta uko wapi, ni wa nani, nyumba ngapi ziko chini. Bila kuruka fensi, bila jiwe, bila matusi. Tutapeleka ile karatasi ku Guvernora, ku Asambele ya provinsi na ku Divisheni ya Mines, na tutaomba akize-resepsyo yenye muhuri. Siku ile mtu atasema "hatukujua", tutatosha ile karatasi.

Mvua haingoji raporo. Tuanze.